Mafuta ya Spika ya Kushoto

Jumamosi, 6 Aprili

Mke mwenzangu,

Salamu zako nimezipata, na mimi sijambo, ingawa wapo watu wangependa niwe mgonjwa.

Nianze na la moto. Baba yako mdogo, huyo Bwana Mipango niliyemzaa mwenyewe bila mpango wowote, alikuja Jumapili iliyopita na suruali yake iliyopigwa pasi, akasimama katikati ya sebule yangu, akatangaza kwamba mwisho wa mwezi ujao anakuja na gari la mizigo kunihamisha. Eti naenda kukaa kwake. Nimetengewa chumba karibu na jiko. Nyumba hii itatafutiwa mpangaji. Na mitambo ya babu yako, ile amplifaya, meza ya santuri na spika zake mbili kubwa, "haina nafasi kule, Mama, tutampa mtu anayeihitaji." Mtu anayeihitaji! Kwani mimi ni nani humu ndani, kabati?

Sababu yake ni sikio. Alinipeleka kwa daktari wa masikio, daktari akanivalisha vidude vyake, akanipigia vifilimbi, halafu akamvuta mwanangu pembeni wakaongea wawili, mimi nimekaa pale kama mkoba wa mtu. Uamuzi ni kwamba sikio langu la kushoto limekwisha. Nikawaambia, kilichokwisha si sikio, ni spika ya kushoto. Inakwaruza, inakatika, inarudi, inakatika tena, mpaka muziki wote umehamia kulia. Mwanangu akanitazama vile anavyotazamwa mtoto aliyesema ameona simba chooni.

Sasa nisikilize wewe. Ulipokuja mara ya mwisho ulinisimulia kwamba dukani kwenu mnauza mafuta ya kupaka kwenye plagi za redio, yana unga wa madini ndani, yanapitisha umeme, hata plagi iliyochoka inapata uhai. Nitumie. Nataka spika ile iimbe kabla Bwana Mipango hajaja na gari lake. Aketi, asikie, anyamaze. Nimemwambia wazi: spika ikiimba, sikio langu ni zima na mimi nabaki kwangu. Akasema "sawa, Mama," kwa ile sauti ya kumwondoa mtu mlangoni. Lakini amesema sawa, na neno hilo nimeshalishika.

Babu yako alipokuwa hai sikuruhusiwa kugusa hata vumbi la mitambo ile. Mpiga chapa mzima, mikono myeusi kwa wino wiki nzima, lakini siku ya santuri ananawa mpaka viwiko, anafuta kila kifungo kwa kitambaa cha miwani. Mimi nilikuwa wa kusikiliza tu kwa mbali. Leo bisibisi ninayo mimi. Kama hataki, na aje aninyang'anye.

Usinipigie simu. Na yenyewe inakwaruza. Andika.

Mke mwenzio mkubwa,
Msusi aliyestaafu lakini hajachoka


Ijumaa, 12 Aprili

Mke mwenzangu mkubwa, shikamoo,

Nakuandikia nimejificha nyuma ya kaunta, bosi ametoka kidogo. Umenichekesha mpaka mteja akaniuliza kama niko salama.

Kwenye kifurushi hiki utakuta tyubu moja ndogo. Ndani ni mafuta mazito ya kijivu yaliyochanganywa na unga wa madini ya fedha. Bosi akiwauzia watu huwaambia muziki utaingia sebuleni umevaa viatu vipya. Mimi nakwambia ukweli kwa sababu wewe huwezi kunifukuza kazi: utamu hayaongezi. Plagi ikiota kutu, umeme unakosa njia, ndiyo unasikia mikwaruzo. Ukiisugua kutu ukapaka haya, njia inafunguka na kutu hairudi upesi. Basi. Si uchawi.

Fanya hivi. Zima kila kitu, chomoa plagi ya ukutani, na hiyo ya ukutani usiipake chochote, nakuomba kwa heshima ya mume wetu. Zunguka nyuma ya amplifaya. Utaona nyaya mbili zinazotoka kwenye meza ya santuri, mwisho wake kuna plagi ndogo, moja nyekundu na moja nyeupe. Nyeupe ndiyo ya kushoto. Kila moja ina ncha katikati na pete inayoizunguka. Sugua kwa mswaki mkavu mpaka weusi utoke, paka ncha, paka pete, chomeka. Kidogo tu, Bibi.

Na jambo lingine. Kabla hujapaka, weka santuri, kisha kigeuze kile kiti cha babu kitazame ukuta, ukae spika zikiwa mgongoni. Unasema muziki wote umehamia kulia. Ukigeuka hivyo, spika ya kulia itakuwa mkono wako wa kushoto. Kama ubovu ni wa mashine, muziki utakufuata kushoto. Kama muziki utabaki kulia kwako vilevile, basi ubovu si wa mashine. Niandikie umesikia nini.

Kuhusu simu, nilimpigia yule jirani yako mshonaji. Anasema simu yako ni nzima, kila mara anaitumia kuongea na dada yake na wanaelewana mpaka umbea wa ndani kabisa. Sasa kwako inakwaruza kwenye sikio gani?

Mke mwenzio mdogo,
mwenye wivu na mapenzi


Jumapili, 21 Aprili

Mke mwenzangu,

Kazi imekwisha. Inaimba!

Umeniambia "kidogo tu". Mwanangu, mimi nimesuka vichwa vya watu tangu baba yako, Mungu amrehemu, hajaota meno. Usinifundishe kupaka. Kichwa kikavu hakisukiki, na nikasema plagi kavu haiimbi. Nilisugua weusi wote ukatoka. Kisha nikachukua kitana changu cha mkia, nikachovya, nikapaka ncha, nikazunguka pete. Halafu naangalia, naona katikati ya ncha na pete kuna ngozi nyeupe, kavu, imesahauliwa kabisa, kama ule mstari wa kichwa ambao msusi mvivu ameuruka. Nikaujaza. Nikajaza mpaka ikang'aa na kufurika, yaliyozidi nikayafuta kwa kidole. Tyubu yote imeishia kwenye hiyo plagi nyeupe. Nyekundu ilikuwa haina shida, sikuigusa.

Nikachomeka, nikawasha, nikaweka sindano. Inaimba pande zote mbili, mke mwenzangu. Kushoto inaimba kama siku ile ilipotolewa kwenye sanduku lake. Mshonaji nimemtangazia, na wa duka la mkate, na yeyote aliyepita.

Kiti sikukigeuza. Kiti cha babu yako ni kizito na mgongo wangu si wa kuchezea. Tuache habari za kiti.

Halafu nikuulize. Zile santuri za babu yako, ungezitaka wewe? Zote, au kuna unazozipenda zaidi? Na lile sanduku langu la bati, unadhani linaingia kwenye chumba kidogo, au linakula nafasi? Nauliza tu. Mtu mwenye muda hupanga vitu vyake.

Basi, leo nimechoka kidogo.

Bibi yako


Jumatano, 1 Mei

Binti yangu,

Natumaini hujambo na kazi inakwenda. Nimeona nikuandikie, maana siku hizi mimi na wewe tukipigiana simu tunaishia kugombana, na karatasi walau haikatizi mtu.

Mama amekubali kuhama. Amekubali mwenyewe, sikumshurutisha. Jumapili nilimkuta ameketi sebuleni, mitambo imezimwa, mikono iko mapajani. Sikuwa nimefungua mdomo akasema, "Ulisema kweli. Njoo unichukue." Basi. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nilikuwa na majibu ya kila kitu, na sikupata hata pa kuanzia. Nilidhani ningefurahi.

Najua unaniona mimi ndiye mbaya katika habari hii. Acha nikueleze kitu ambacho yeye hajakueleza, maana namjua. Mwezi wa tatu nilikwenda nikabisha hodi mpaka mkono ukaniuma. Nikazunguka, nikapita dirishani kama mwizi. Jikoni birika lilikuwa linaungua, maji yalishakauka zamani, moshi umejaa. Yeye yuko chumbani amenipa mgongo anakunja nguo, santuri inapiga kwa nguvu sebuleni. Nilimwita, hakugeuka. Nilipomgusa bega alipiga yowe, na mimi nikapiga yowe. Wewe uko mbali, unamtumia utani na mafuta. Mimi niko karibu, mimi ndiye ninayekuta birika.

Kwa hiyo nakuomba usimtumie tena dawa za dukani kwenu, na usimpandishe kichwa. Kukubali kumemgharimu. Gari nimeshaliagiza kwa Jumamosi tarehe 25. Ukiweza kuja kumsaidia kufunga vitu, njoo. Usipoweza, muombee.

Wako,
Baba Mdogo


Jumatatu, 6 Mei

Bibi,

Leo sikuiti mke mwenza. Umenidanganya, na umenidanganya kwenye kazi yangu, ambako huniwezi.

Haiwezi kuimba. Nimeisoma barua yako mara tatu. Ile ngozi nyeupe kavu uliyoiona imesahauliwa, haikusahauliwa na mtu. Ni ukuta. Sauti inaingilia kwenye ncha na kurudia kwenye pete, na ule ukuta ndio unaozitenganisha. Sasa wewe umechukua mafuta yanayopitisha umeme ukaujaza ukuta mpaka ukang'aa. Umejenga daraja hapo hapo mlangoni. Sauti ikifika inavuka na kurudi ilikotoka, kwenye spika haifiki hata chembe. Plagi iliyopakwa vile haikwaruzi wala haikatiki, inakuwa bubu moja kwa moja. Ingekuwa bubu kwangu, kwa Baba Mdogo, kwa mwenye masikio manne.

Kwa hiyo uliwasha ukakuta kushoto kimya kuliko mwanzo. Ukajiambia, mashine nimeshaitibu, basi kilichobaki kibovu ni mimi. Ukaniandikia inaimba. Halafu mwanao alipokuja ukamwambia njoo unichukue. Ndiyo, ameniandikia. Na habari ya birika pia ameniandikia, na hiyo pia ulinificha.

Nimekasirika, na nusu ya hasira ni juu yangu mwenyewe. Nilipaswa kukwambia usiguse katikati. Kumwambia msusi apake mafuta "kidogo tu" bila kumwonyesha mpaka ni kujitafutia. Nimeinama hapa kwenye kaunta nalia na kucheka, bosi anadhani nimeachwa na mtu.

Chukua pamba na spiriti. Chomoa ukutani kwanza. Futa ile plagi nyeupe yote, ndani na nje, mpaka pamba itoke safi na ukuta uonekane mweupe tena. Futa na tundu lake nyuma ya amplifaya. Usipake tena kitu. Chomeka, washa. Kisha mwite mshonaji akusaidie kugeuza kile kiti, na safari hii ukae.

Kama ni sikio, liwe sikio, Bibi. Lakini huwezi kutoka kwenye nyumba yako kwa sababu ya mafuta.

Mjukuu wako


Jumatatu, 13 Mei

Mke mwenzangu (nitakuita hivyo, nuna ukitaka),

Ndiyo, nilidanganya. Nilikuwa nimeshatamba kwa mtaa mzima, ningeanzia wapi kurudisha maneno?

Lakini kuna kitu hukukijua hata wewe mwenye kusoma barua mara tatu. Siku ile nilipowasha na kukuta kimya, hata ule mkwaruzo wa zamani umeondoka, nilikwenda nikapiga magoti, nikabandika sikio la kushoto kwenye spika yenyewe. Hakuna kitu. Na la kulia ninalo hapa hapa, upande wa pili wa kichwa kimoja! Ningeligeuza tu, ningejua pale pale kama spika ni hai au ni maiti. Sikuligeuza. Niliogopa. Hilo ndilo nililokuficha hasa, kwamba niliogopa kubandika la kulia.

Barua yako ilipofika nilimwita mshonaji. Akashika tochi, mimi nikashika pamba. Loo, mafuta yale! Pamba ya kwanza ilitoka nyeusi tii, ya pili kijivu, nikaendelea mpaka ule ukuta wako ukarudi mweupe kama jino la mtoto. Tundu nalo nikalifuta. Tukachomeka, tukawasha, nikaweka ile santuri ya tarumbeta ambayo babu yako alikuwa anaipiga akilipwa mshahara. Spika ya kushoto ikapasua hewa kwa tarumbeta! Mshonaji alikuwa amekaa mbele yake, akaruka, tochi ikaenda upande, sindano za mdomoni zikamdondoka zote. Nikabandika sikio la kulia pale. Inaimba. Nakuapia safari hii, na shahidi ninaye, anaokota sindano zake kwenye zulia mpaka leo. Kwa hiyo mashine ilikuwa mbovu kweli. Sikuwa mwongo wala kichaa.

Halafu tukakigeuza kiti. Nikaketi natazama ukuta. Mshonaji akaniuliza, "Muziki unatokea wapi?" Nikasema kulia. Tukakirudisha nikatazama spika. Kulia. Tukakigeuza tena, na mara hii nikafumba macho nisijidanganye. Kulia, mke mwenzangu. Kulia kila mahali. Spika ya kushoto inaimba mpaka vioo vinatikisika, na mimi upande ule hakuna mtu nyumbani.

Nililia. Si machozi ya kujifuta kwa kidole, nililia hasa. Mshonaji naye akalia, sijui yeye alikuwa analilia nini, lakini nilimshukuru.

Tulipomaliza kulia nikapika chai, na chai ikiwa mdomoni nikashikwa na hasira, hasira nzuri ambayo sijaipata tangu mazishi ya babu yako. Nikamuuliza mshonaji, kwani wewe jicho lako moja halioni ukungu? Akasema ndiyo, tangu zamani. Na unashona magauni ya maharusi? Nashona. Kuna aliyekuja kukuhamisha? Akacheka mpaka akakohoa. Na Bwana Mipango mwenyewe ana goti bovu tangu alipoanguka kwenye ukuta wa shule, akipanda ngazi linalia kama bawaba ya mlango. Mbona hajafungashwa kwenye gari?

Nimekuwa mjinga miezi yote hii. Nilikazana kubisha kwamba sikio ni zima, kana kwamba sikio ndilo lenye hati ya nyumba hii. Niliwakubalia wao kwamba sikio likifa lazima nami niondoke, nikabaki kubishana kuhusu mafuta na plagi. Nani alisema? Nani aliweka sheria hiyo? Kubaki kwangu hakuhitaji masikio mawili, kunahitaji nikatae. Na kukataa najua, muulize babu yako huko aliko.

Santuri hupati hata moja. Subiri nife.

Mke mwenzio mkubwa,
msusi wa sikio moja


Jumanne, 14 Mei

Mwanangu,

Lile neno nililokwambia, "njoo unichukue", nimelirudisha. Nililisema siku ambayo nilikuwa nimejikatia tamaa kwa makosa.

Sikio la kushoto limekufa. Daktari alisema kweli, na wewe ulisema kweli, na nilikuonea kukuambia hujui kitu. Sitalificha tena. Simu nitapokea kwa kulia. Anayetaka kuongea nami aje upande huo, na asiyejua nitamwambia mwenyewe.

Habari ya birika naijua, na najua ilikutia hofu, kwa sababu na mimi ilinitia. Limetupwa. La sasa linapiga filimbi mpaka majirani wanajua nimekosa sukari. Mshonaji ana ufunguo na anaingia asubuhi na jioni, na mimi naingia kwake namtungia uzi kwenye sindano. Ufunguo wako uko ndani ya bahasha hii. Usipite tena dirishani, umri huo si wa madirisha.

Mitambo ya baba yako inafanya kazi pande zote mbili. Ukitaka kuisikia, njoo siku yoyote, mkono mtupu.

Gari usilete.

Mama yako


Jumapili, 26 Mei

Binti yangu,

Gari nililileta. Usicheke.

Barua yake niliipata, nikaisoma, nikaiweka mfukoni, nikajiambia ni ukaidi tu, akiniona nimesimama mlangoni atalainika. Ufunguo alionitumia nilikuwa nao, lakini niliona aibu kuutumia siku hiyo, nikabisha hodi. Alifungua kabla sijabisha mara ya pili. Amevaa lile gauni lake la sherehe na amejisuka mwenyewe. Aliwatazama wale wapagazi wawili niliokuja nao, akasema, "Karibuni wanangu, mmetoka mbali, ingieni mkae." Akawaketisha kwenye sofa mbele ya spika, akawapa chai, akawawekea santuri ya Baba. Mmoja alianza kutikisa mguu, na ilipokwisha aliomba irudiwe. Watu wangu mwenyewe, niliowaleta mimi!

Nami nikamwomba Baba radhi moyoni, nikaanza. Njia nzima nilikuwa nimejipangia maneno. Yeye aliketi kwenye kile kiti cha Baba, uso ameugeuzia dirishani, nikavuta kigoda nikakaa ubavuni kwake. Nilimweleza habari za wezi. Nikamweleza moto, ngazi, umri, watu watasema nini, chumba kimepakwa rangi, watoto wanamsubiri. Nilisema vizuri, binti yangu. Sijapata kusema vizuri vile. Na yeye anaitikia kwa kichwa polepole, hakunikatiza hata mara moja, na wewe unajua mama yangu hajawahi kumwachia mtu amalize sentensi. Nikasema moyoni, leo nimempata.

Nilipomaliza ndipo nikaona nimekaa upande gani. Alikuwa amenipa sikio la kushoto tangu neno la kwanza.

Akageuka akaniuliza, "Umemaliza?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Habari za kuhama napokelea upande huo. Sasa njoo huku kulia uniambie kilichokuleta." Wapagazi walikuwa wanacheka ndani ya vikombe. Nikainuka, goti likalia, nikazunguka kile kiti kama mtoto aliyeitwa na mwalimu, nikainama kwenye sikio lake la kulia. Na yale maneno yote yakanikimbia. Nikajikuta namwambia, "Mama, naogopa. Siku moja nitakuja nikute umekufa peke yako humu ndani."

Akaunyoosha mkono, akaipunguza amplifaya kwa kidole kimoja, akanishika shingo kama alivyokuwa ananishika akininyoa nikiwa mdogo. "Hilo nimelisikia," akasema. "Na mimi naogopa, mwanangu. Naogopa kila siku. Lakini nitaogopa nikiwa hapa hapa, kwangu."

Baba yako mdogo